Usiache Mbachao: Joto la Beetle Limo Injinini Mwake

Mwulize mtu yeyote anayejiona mjuzi wa magari ya kale jinsi ya kupata joto ndani ya Volkswagen Beetle wakati wa baridi, atakujibu kabla hujamaliza swali. Atakwambia hita ya gari hilo ilikuwa mbovu tangu kiwandani, kwamba Wajerumani walijenga injini imara wakamsahau abiria, na kwamba mwenye akili huachana nayo mapema. Anunue hita ya umeme ya kuchomeka kwenye tundu la kiwashia sigara, au zile za dizeli za bei nafuu zinazouzwa mitandaoni, au hata jiko dogo la gesi la kuweka sakafuni. Kauli hii imerudiwa sana huko Ujerumani, Uingereza, Kanada na Marekani, mpaka hakuna tena anayeidai ushahidi.

Naipinga kauli hiyo yote. Hita ya Beetle ilitoka kiwandani ikiwa nzima, na tulioiua ni sisi wenye magari na mafundi wetu, kipande kimoja baada ya kingine. Anayetafuta njia ya kupasha gari lake joto aanze kwa kurudisha kile kilichong'olewa. Kuongeza kifaa kigeni ni hatua ya mwisho, na wengi wetu hatutafika huko.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayokosekana katika mazungumzo haya. Beetle inayokwenda kilomita 80 kwa saa na kutumia lita 8 kwa kila kilomita 100 huunguza lita 6 na ushei za petroli kwa saa. Lita moja ya petroli ina nishati ya kilowati-saa 9 hivi. Kwa hiyo injini ile ndogo ya nyuma inaunguza mafuta ya zaidi ya kilowati 50, na ni kama robo yake tu inayosukuma gari. Theluthi moja hivi inatoka na moshi kwenye ekzosi, na sehemu kubwa ya kinachobaki inapeperushwa na feni inayopoza silinda. Kabini ndogo kama ile, hata siku yenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, inatosheka na kilowati 2 au 3. Joto linalohitajika ni sehemu ndogo sana ya joto ambalo tayari limelipiwa kwenye kituo cha mafuta na sasa linatupwa barabarani.

Sasa iweke hita ya umeme kando ya hesabu hiyo. Tundu la kiwashia sigara kwa kawaida hulindwa na fyuzi ya ampea 15 au pungufu. Kwa volti 12, kifaa chochote cha hapo hakiwezi kupita wati 180, na vingi vinavyouzwa ni vya wati 150. Birika la umeme la jikoni lina wati 2,000. Mtu anayeamini kwamba wati 150 zitapasha moto sanduku la chuma lenye vioo pande zote, likipigwa na upepo wa kilomita 80 kwa saa, amedanganywa, na amedanganywa kwa makusudi, kwa sababu anayeuza anazijua namba hizo.

Tena umeme wenyewe unatoka wapi? Dainamo ya Beetle ya volti 12 hutoa ampea 30 hivi inapozunguka vizuri, yaani wati zisizofika 450 kwa kila kitu: taa, wipa, mfumo wa kuwasha injini na kuchaji betri. Usiku wa theluji vyote hivyo vinafanya kazi kwa pamoja. Injini ikizunguka polepole gari likiwa limesimama, pale kwenye foleni ambapo dereva ndipo anapoanza kutetemeka, dainamo haitoi karibu chochote, na hita inaanza kuila betri. Betri ya ampea-saa 36, ambayo Beetle nyingi ziliwekewa, ikilisha hita ya wati 150 inakauka chini ya saa tatu, na baridi inaifupisha zaidi. Kwa Beetle za kabla ya 1967, ambazo nyingi ni za volti 6, kifaa hicho hakina hata pa kuchomekwa.

Umeme una kazi moja tu ya maana hapa, nayo ni kupasha mwili badala ya hewa. Mto wa kiti wenye waya za joto hutumia makumi machache ya wati, na joto lake lote linaingia mgongoni na mapajani. Huo nauunga mkono. Lakini mto hauyeyushi sakitu kwenye kioo cha mbele, na dereva asiyeona mbele ni hatari kuliko dereva anayesikia baridi.

Jiko la gesi la kubebeka silitafutii utetezi wowote. Kilo moja ya gesi ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji. Mvuke huo, katika kabini iliyofungwa, unakwenda moja kwa moja kwenye kioo baridi na kugeuka ukungu, kisha barafu. Moto huohuo unakula oksijeni ya wasafiri na, ukipungukiwa hewa, unatoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Anayeliwasha ndani ya gari linalokwenda anahatarisha roho yake na za wenzake, na anayemshauri afanye hivyo ana sehemu yake katika dhambi hiyo.

Hita za dizeli zina hoja nzito zaidi, na nitazipa haki yake. Zinatoa kilowati 2 hadi 5 kweli, zinatumia mafuta kidogo, na hewa inayopita ndani yake haichanganyiki na moshi wake kama zimefungwa sawasawa. Tatizo liko kwenye maneno hayo ya mwisho. Kuifunga kwenye Beetle kunadai matundu kwenye sakafu kwa ajili ya moshi, hewa na mafuta. Kunadai tangi la pili, kwa kuwa gari ni la petroli, na tangi hilo watu wengi wanaliweka mbele kwenye buti, palepale panapogongwa kwanza ajali ikitokea. Kunadai umeme mwingi wakati wa kuwasha, kutoka kwa dainamo ileile tuliyokwisha kuiona. Na baada ya kazi yote hiyo, hewa moto inatoka mahali pamoja, mara nyingi chini ya kiti cha nyuma, wakati kioo cha mbele bado ni cheupe. Watu wanakata bati la gari lililodumu nusu karne ili kuweka kifaa cha bei rahisi ambacho hakifanyi kazi ya kwanza kabisa ya hita, yaani kumwezesha dereva kuona.

Tazama sasa kile walichokidharau. Katika Beetle, mabomba mawili ya moshi yanayotoka kwenye silinda yamefunikwa na masanduku ya bati, moja kila upande. Ndani yake kuna mapezi ya alumini yanayochota joto la bomba. Feni iliyo juu ya injini, inayozungushwa na mkanda karibu mara mbili ya kasi ya injini yenyewe, inasukuma hewa kupitia masanduku hayo. Hewa iliyopashwa inapita kwenye mabomba yanayokunjika, inaingia kwenye mihimili ya bati iliyo tupu ndani, inayokwenda chini ya milango, halafu inatokea miguuni na kwenye matundu ya kioo cha mbele. Hakuna pampu, hakuna rejeta, hakuna maji ya kuganda. Dereva ana wenzo au kitufe cha kuzungusha kinachovuta waya mbili na kufungua vilango viwili huko nyuma.

Mpaka mwaka 1962 hewa iliyoingia kabini ilikuwa imepita kwanza kwenye silinda, na injini iliyovuja oili iliifikisha harufu yake hadi puani mwa abiria. Lawama hiyo ilikuwa ya haki, na kiwanda kiliisikia. Kuanzia magari ya mwaka 1963 hewa ilichukuliwa safi moja kwa moja kutoka kwenye feni, kwa mabomba yake yenyewe, bila kugusa silinda. Watu bado wanarudia lawama za mfumo wa zamani wakizungumzia gari la 1970, na hicho ni kipimo cha jinsi kauli hii inavyoishi kwa mazoea.

Kwa nini basi Beetle nyingi leo ni baridi? Kikulacho ki nguoni mwako. Chini ya silinda za upande wa kulia kuna themostati ndogo inayofunguka kati ya nyuzi 65 na 70. Injini ikiwa baridi, inazuia hewa ya feni kupita kwenye silinda, ili chuma kishike moto haraka. Fundi mmoja aliiondoa akisema inachelewesha upozaji, wa pili akatoa na vilango vyake, na sasa injini inapigwa upepo wa barafu tangu dakika ya kwanza. Haipati joto lake la kazi, oili inakusanya maji na kuwa tope zito, petroli inaungua vibaya, na abiria wanapata uvuguvugu.

Hapa sisi Waswahili tunahusika. Beetle tunaijua kwa vumbi na matope ya Safari Rally, mashindano ambayo gari hilo liliyashinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Katika gereji zetu, kutoa themostati ni karibu kanuni, iwe ni gari linalopozwa kwa maji au kwa hewa: fundi hataki injini ichemke, na hita hakuna aliyewahi kuifungua kwa dhati kati ya Mombasa na Morogoro. Tabia hiyo inaweza kuvumilika Tanga. Mtu anayeihamishia Hamburg au Toronto anajifungia baridi mwenyewe, kisha anaulaumu mkono wa mhandisi. Vivyo hivyo kwa magari yanayonunuliwa California, Brazil au Mexico kwa sababu hayana kutu. Beetle nyingi za Brazil zilitoka kiwandani bila hita kabisa, na nyingi za California zilivuliwa masanduku ya joto zikawekewa mabomba matupu ili ekzosi ingurume vizuri. Gari kama hilo likifika kaskazini halina hita ya kulaumiwa, kwa maana hiyo hita haimo.

Orodha inaendelea. Masanduku mapya ya bei ya chini mara nyingi hayana mapezi ya kutosha. Ukichungulia mdomoni unaona bomba tupu. Mabomba yanayokunjika, yaliyotengenezwa kwa karatasi na alumini, yamechanika na hewa moto inamwagikia barabarani. Waya za vilango zimeshikana kwa kutu, na wenzo unapanda huku kilango kimoja kikibaki kimefungwa. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi imeitoboa ile mihimili ya chini ya milango, na hapo tunapoteza joto pamoja na uimara wa bodi, kwa sababu mihimili hiyo ndiyo inayobeba gari. Ongeza mpira uliopotea kuzunguka chumba cha injini, na vizibo vya sakafu vilivyoanguka zamani. Mfumo wenye matundu saba hauwezi kuhukumiwa kama mfumo mzima.

Na mfumo mzima ulifanya kazi. Mwaka 1963 msafara wa Australia ulipeleka Beetle katika kituo cha Mawson, Antaktika, ikiwa na marekebisho machache tu ya baridi, na ikatumika huko kwa mwaka mzima. Sidai kwamba waliomo walivua makoti yao. Nadai kwamba gari lililotegemewa mahali pale haliwezi kuitwa gari la nchi za joto tu. Sweden, Norway, Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani zilinunua Beetle kwa wingi, na wanunuzi wa huko walikuwa watu wazima waliojua baridi ya kwao. Ujerumani kwenyewe, kanuni za magari zinataka kabini iliyofungwa iweze kupashwa joto na kupitisha hewa kiasi cha kutosha. Zaidi ya Beetle milioni 21 zilitengenezwa hadi kiwanda cha Puebla, Mexico, kilipotoa ya mwisho mwaka 2003. Kuamini kwamba wateja wote wale wa kaskazini walikubali kuganda, mwaka baada ya mwaka, kunahitaji imani kubwa kuliko ninayoiomba mimi.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Joto la Beetle linachukuliwa kwenye bomba la moshi. Bomba likitoboka ndani ya sanduku lake, au gasketi ya ekzosi ikivuja, kaboni monoksidi inaweza kuingia kabini pamoja na joto. Gesi hiyo inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu husinzia kabla hajajua kinachompata. Wanaosema hita ya ekzosi inaweza kuua wanasema kweli.

Lakini fuata hoja hiyo mpaka mwisho. Hita ya dizeli nayo ina bomba la moshi, limepita chini ya sakafu na kufungwa kwa klipu za mtu aliyejifunza kwa kutazama video. Jiko la gesi linatoa moshi wake ndani kabisa. Hatari ni ile ile kila mahali palipo na moto, na dawa yake ni ukaguzi. Masanduku ya joto yanashushwa, yanatazamwa kwa taa, yanagongwa, yanajaribiwa kwa kuziba na kusukuma hewa. Yenye kutu ya kutoboa yanatupwa bila huruma. Gasketi zinabadilishwa zote. Kisha kengele ya kaboni monoksidi inayotumia betri inawekwa karibu na dereva. Bei yake ni ndogo, na ningetaka kila gari la kale linalotembea kwenye baridi liwe nayo, hata lile la maji. Anayekwepa ukaguzi kwa kununua hita nyingine hajaondoa bomba bovu. Amebaki nalo chini ya kiti chake, akidhani ameepuka.

Pingamizi la pili ni la kweli pia: hita hii inafuata kasi ya injini. Injini inayozunguka polepole gari likiwa limesimama inatoa hewa kidogo, na safari ya dakika tano haitoshi kuipasha injini moto. Katika mji, kubaki gia ya tatu badala ya kukimbilia ya nne huongeza mzunguko wa feni na kuleta hewa zaidi, lakini hakuna dereva atakayeyafuta maumbile ya mashine kwa gia. Kwa mwenye safari fupi za kila siku, au mwenye Kombi ambayo hewa yake inasafiri mbali chini ya sakafu na kupoa njiani, hita ya ziada ni halali. Na hata hapo, historia ya gari lenyewe inatuonyesha njia. Eberspächer wa Esslingen walitengeneza hita za petroli zilizouzwa kama nyongeza kwa magari haya, zikinywa kutoka kwenye tangi la gari na kupuliza kwenye njia zake za asili. Volkswagen 411, iliyotoka mwaka 1968, iliziweka kama kifaa cha kawaida. Hita ya aina hiyo, ikifungwa na fundi aliyesomea kazi hiyo na kukaguliwa kila mwaka, inaheshimu gari na inapeleka joto hadi kiooni. Nchini Ujerumani, gari lililopita miaka 30 linaweza kupata namba ya H ya magari ya kihistoria likibaki katika hali inayokaribia ya asili, na mkaguzi anatofautisha kifaa cha zama zake na tundu lililokatwa jana.

Kwa hiyo mpangilio wa kuchagua ni huu. Kwanza themostati na vilango vyake, kwa sababu bila hivyo hakuna kinachofuata kitakachofaa. Pili masanduku ya joto, mapya au ya zamani yaliyothibitishwa kuwa mazima, yenye mapezi ndani. Tatu mabomba, waya na vilango vya kabini. Nne mihimili ya chini ya milango, na hapa usibanie pesa, kwani unatengeneza hita na mifupa ya gari kwa pamoja. Tano mipira ya milango na madirisha, vizibo, na zulia zito lenye tabaka la pamba chini yake, ili joto lililopatikana lisitoroke. Sita mto wa kiti wa umeme, kama dainamo inauweza. Baada ya hapo tu, ukiwa umepima joto kwenye tundu la miguuni na bado halikutoshi, ndipo uulize habari za hita ya petroli.

Kanuni hii haiishii kwa Beetle. Morris Minor, Peugeot 404 na Land Rover za zamani zinapasha kabini kwa maji ya injini, na malalamiko ni yaleyale: ni baridi, weka ya umeme. Fungua kwanza uone. Mara nyingi themostati ya nyuzi 82 haimo, bomba la maji limezibwa kwa boliti, au rejeta ndogo ya hita imejaa uchafu wa miaka 40. Vipuri hivyo vinagharimu kidogo kuliko kifaa kinachonunuliwa kufidia kukosekana kwake.

Ninaloomba kwa wauzaji, mafundi na wote wanaotoa ushauri juu ya magari haya ni jambo la uadilifu. Kabla ya kuitangaza hita kuwa mbovu, hesabu vipande vyake. Kama vimo vyote, vizima, na kipimajoto bado kinasema baridi, tuonyeshe namba zako, tutakusikiliza. Kama havimo, usiitukane kazi ya watu waliojua walichofanya. Virudishe mahali pake, washa injini, na umwache mwenye gari aamue kwa mikono yake mwenyewe kama anahitaji kitu kingine.